Fumba macho, fumbia macho

Juzi nilikuwa na vijana wangu wa saikolojia nyumbani Michenzani, Unguja, tumejibana watu wanane mbele ya leptopu moja, tunaangalia Wild Strawberries ya Ingmar Bergman, ya 1957, filamu ya Kiswidi, na mpaka watu wazoee kusoma maandishi ya chini nusu saa ishapita. Ila ndoto ya mwanzo haihitaji maandishi. Isak Borg, daktari mzee wa miaka 78, anatembea kwenye mtaa mtupu, madirisha yamezibwa, juu kuna saa haina mishale na chini yake limening'inia bango la miwani, macho mawili makubwa, moja limeharibika kama linatoka damu. Anatoa saa yake mfukoni, nayo haina mishale. Linakuja gari la farasi la kubebea maiti, halina dereva, gurudumu linagonga nguzo ya taa, jeneza linaporomoka, mkono unatoka unamshika unamvuta, na aliyemo ndani ni yeye mwenyewe.

Kijana mmoja hapo hapo: "Huyu kwisha, ishamjia habari." Na wengine wote wakaitikia.

Ndio tulivyolelewa, siwalaumu. Ndoto kwetu ni habari ya kesho: ukiota meno yanatoka unapiga simu kwa wazee. Lakini hata chuoni, madrasa, si tumefundishwa ndoto ziko aina tatu, ya kheri itokayo kwa Mungu, ya shetani ya kukutisha, na ile ambayo nafsi inajisemesha yenyewe? Hiyo ya tatu tunaipita mbio. Mie kazi yangu yote imo humo.

Borg hafi, nawaambia mapema. Anachofanya akiamka ni kughairi ndege, anaamua kwenda Lund kwa gari kupokea heshima yake ya udaktari, na njiani ndio mambo yanamtoka moja moja. Ile saa tunakuja kuiona tena mchana kweupe, anapopita kumsalimia mama yake, bibi kizee ana kisanduku cha vitu vya zamani, anatoa saa ya marehemu baba yake Borg, haina mishale. Kwa hiyo ile ya ndotoni haikutoka mbinguni, ilikuwa kabatini kwa mama. Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alishasema hivyo katika kitabu chake cha ndoto, kile kilichotoka mwisho wa 1899 kikapigwa mhuri wa 1900, kwamba ndoto inaokota vitu vya kawaida kabisa na kuvivisha jambo ambalo mchana hatuna ubavu wa kulitazama.

Sasa hapo kwenye kutazama ndipo ninapotaka mnisikilize.

Baba yake Freud alifariki Oktoba 1896. Siku ya maziko Freud alichelewa, na sababu yenyewe, wallahi, alikuwa kwa kinyozi anasubiri zamu yake. Ndugu zake hawakufurahi. Akaota yuko mahali pana tangazo limebandikwa: unaombwa ufumbe macho. Wazungu inabidi waelezane kurasa nzima kwa nini maneno hayo yana maana mbili, sisi lugha inatufanyia bure. Kuna kumfumba macho maiti, wajibu wa mtoto kwa mzazi wake. Na kuna kumfumbia macho mtu, yaani umeliona kosa lake ukalipitisha. Mtoto aliyechelewa anaombwa atimize la kwanza, na papo hapo yeye ndiye anayeomba la pili, anaomba afumbiwe. Sentensi moja imebeba hatia na ombi la msamaha, na kama hujui alikuwa kwa kinyozi huelewi kitu.

Rudi sasa kwa Borg. Ndoto ya katikati anaingizwa kwenye mtihani kama mtoto wa skuli. Anaambiwa atazame kwenye hadubini, haoni kitu ila jicho lake mwenyewe. Anaambiwa amwangalie mgonjwa, mwanamke amekaa kitini, anampima anasema huyu kafa, na mwanamke anafumbua macho anamcheka. Anaulizwa wajibu wa kwanza wa daktari ni upi, kasahau, anaambiwa ni kuomba msamaha. Tena mkewe, aliyekwisha kufa, amemshitaki, na angalieni shitaka: kutojali, ubinafsi, kukosa huruma. Hakuua mtu huyu! Hakuiba. Kosa lake ni kwamba watu walikuwa mbele yake hai naye akawahesabu maiti, miaka mingi, kwa adabu nzuri kabisa.

Ndio maana siipendi sana Spellbound, filamu ya Hitchcock ya 1945, ingawa ndoto yake kachora msanii Salvador Dalí na macho yamejaa kote kwenye mapazia. Pale ndoto inafumbuliwa kama fumbo la gazetini, kila kitu kina jibu lake, muuaji anapatikana, na hatia ya utotoni ya mtu aliyesababisha kifo cha ndugu yake inatoka kama jino bovu, jamaa anapona. Wapi kunako jambo kama hilo.

Ndoto ninayoiamini zaidi haimo kwenye filamu, imo katika kitabu kile kile cha Freud. Baba kauguza mtoto, mtoto kafa, baba kaenda kujinyoosha chumba cha pili, mzee mmoja kaachwa akeshe na maiti. Anaota mtoto kasimama kitandani kwake, kamshika mkono, anamnong'oneza: baba, kwani huoni naungua? Anashtuka, kweli, mshumaa umeanguka umechoma sanda na mkono, mzee kalala fofofo. Lacan, mchambuzi wa nafsi wa Kifaransa, alipoisoma mwaka 1964 aliigeuza: baba hakuamshwa na moto tu, aliamka kuikimbia ile sauti, maana moto wa chumba cha pili unazimika kwa ndoo ya maji, lakini "huoni?" utaizima na nini.

Kwetu maiti akishaswaliwa mtu wa familia anasimama anatangaza, anayemdai marehemu aje kwa warithi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza marehemu anatudai nini sisi. Hilo tunaliachia usiku.

Langu mimi ni hili. Mama yangu alifia Wete, Pemba. Nilipigiwa simu siku mbili kabla, boti ya asubuhi ilikuwepo, nikasema namaliza semina nitaondoka kesho. Nimefika watu washarudi makaburini. Baadae nikawa naota kakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kanipa mgongo, anakuna kifuu kitupu, nazi ishakwisha zamani, meno ya mbuzi yanalia kwenye kifuu na yeye anaendelea, hageuki. Shangazi akasema nisomeshe khitma, nikasomesha, na sijutii.

Usiku ule vijana walipoondoka nikampigia dada. Nikamuuliza nani alimfumba mama macho. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akasema, "Mie. La kushoto lilikuwa gumu, nikalishika kwa kidole mpaka alfajiri."

Miaka kumi na moja hajawahi kunambia, wala mie sijawahi kumuuliza.