Tairi la bodaboda wakati wa mvua: ninayoyasikia kila siku na ukweli wake

Kila Novemba mvua zikianza huku Rungwe, kibanda changu hujaa vijana wenye ombi moja: "Fundi, nifungie kashata kubwa kuliko zote," yaani yale meno ya mpira juu ya tairi. Juzi nimelisikia mara nne kabla ya chai ya saa nne. Yule wa nne goti lilikuwa limechunika. Alikuwa ametoka kuanguka kwenye lami, na kashata zake zilikuwa mpya kabisa, ndefu kama kidole. Akasema ameanguka kwa sababu ni ndogo, anataka kubwa zaidi.

"Kashata kubwa hushika popote"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Kwenye matope, kashata huzama na kung'ata udongo mgumu ulio chini, kama jembe. Kwenye lami hakuna cha kung'ata. Kinachoshika pale ni mpira wenyewe kulalia barabara, na kadiri unavyogusa eneo kubwa ndivyo pikipiki inavyotii breki. Ukifunga kashata ndefu zilizoachana, kinachogusa lami ni ncha zake tu. Ukibana breki zinapinda. Ukilala kwenye kona zinapinda kwa upande. Lami ikiwa kavu utasikia mtetemo mikononi na basi. Ikilowa, gurudumu linaponyoka.

Sasa tazama siku ya bodaboda wa hapa. Anapakia ndizi au madumu ya maziwa kijijini, anapambana na tope kilomita kadhaa, kisha anaingia lami ya kutoka Uyole kwenda Kasumulu, anashuka nayo kuelekea Kyela huku malori yakimpita. Tope ndilo linalomchosha, kwa hiyo akija dukani ndilo analolikumbuka. Lakini kilomita zake nyingi, na mwendo wake wote mkali, viko kwenye lami. Kwenye tope unaanguka ukiwa na mwendo wa mtu anayekimbia, unainuka, unapangusa suruali. Kwenye lami iliyolowa unaanguka na abiria mbele ya lori.

Halafu kuna udongo wetu wenyewe, unaonata kama ugali. Kashata zikiwa kubwa lakini zimebanana, udongo hujaza nafasi zote na tairi hugeuka kipara kilichopakwa tope. Tairi la nyuma hujisafisha kidogo kwa sababu injini inalizungusha na tope linaruka. La mbele linasukumwa tu, halina nguvu hiyo. Tope linajazana kati yake na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo kashata kubwa ndizo zinazolibeba tope kulipeleka juu. Kabla hujaniletea pesa ya tairi jipya, niambie niipandishe hiyo madigadi ya mbele. Ni kazi ndogo, na wengi haikuwarudisha tena kwangu kulalamikia tope.

Anayegusa tope na lami siku moja namfungia nyuma tairi la kashata za wastani: katikati zimekaribiana kiasi, pembeni zimeachana. Mbele namfungia lenye mifereji inayotoa maji pembeni, saizi ileile ya kiwandani. Kashata kubwa mbele na nyuma namfungia mtu ambaye kazi yake haitoki mashambani, haioni lami kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Na pesa ikitosha tairi moja tu, nunua la mbele. Vijana hununua la nyuma kwa kuwa linaisha haraka, la mbele wanaliacha kipara miaka. Nyuma likiteleza, mkia unacheza na mara nyingi unaurudisha. Mbele likiteleza uko chini kabla hujajua kilichotokea. Ukibana breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, na tairi hilohilo ndilo linalokata kona. Nitalisema hili mpaka nifunge kibanda.

"Tairi pana linashika zaidi"

Mtu ana rimu ya tairi la 3.00-18, yaani upana wa inchi 3 kwenye rimu ya inchi 18, anataka niilazimishie la 3.50. Kwenye tope jepesi juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hupasua na kufika chini. Pana huelea juu ya utelezi. Tena tairi lililozidi saizi husugua kava la mnyororo. Sifungi.

"Mvua ikinyesha punguza upepo"

Kidogo, sawa. Tatizo ni kwamba vijana wanapunguza mpaka tairi linabonyea kama chapati. Tairi la tyubu likilegea hivyo huanza kuzunguka peke yake juu ya rimu, linaivuta tyubu na kukata shingo ya nozo. Ukikutana na jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. Nikiona matundu hayo siulizi tena ulikuwa na upepo kiasi gani. Pikipiki nyingi za bodaboda zimeandikiwa upepo wa karibu psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukipakia. Ukitoa mbili au tatu kwa ajili ya tope, zirudishe kabla ya kuingia lami.

"Limeandikwa M+S, hili ni la misimu yote"

Wenye skuta ndio wanaonionyesha herufi hizi. Maana yake ni matope na theluji, na mtengenezaji hujiandikia mwenyewe, hapimwi na mtu. Mpira wa tairi la namna hiyo mara nyingi hulenga nchi ambazo baridi inashuka chini ya nyuzi 7 na mpira wa kawaida unakakamaa. Tatizo letu ni masika na kiangazi. Tazama nafasi kati ya kashata, achana na herufi.

"Kipara kinachongwa, kinarudi kipya"

Anayekuchongea kashata kwa kisu cha moto anakata mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Tairi la pikipiki halina unene wa kuchonga. Ukiniletea nitakurudishia.

"Halijawahi kutumika, kwa hiyo ni jipya"

Tafuta tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka stoo au juani hukauka hata kama kashata zimesimama wima. Likunje kwa mikono, uangalie chini ya kashata. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, mrudishie muuza duka, hata kama amekupunguzia bei.