Je, wajua kwa nini simu mbili za Tanga huadhini kwa kupishana?

Nyumba moja pale Ngamiani, alfajiri moja: simu ya baba imeshaadhini, ya mwanawe iko kimya kwa zaidi ya robo saa. Hakuna iliyoharibika. Programu za nyakati za sala hazisikilizi msikiti wowote. Zinapiga hesabu ya jua, kila moja kwa kanuni iliyowekwa kwenye mipangilio yake.

Panapopishana zaidi ni Alfajiri na Isha, kwani nyakati hizo hutegemea jua liko digrii ngapi chini ya upeo wa macho. Kwa Alfajiri, Rabita ya Makka (jumuiya ya Waislamu duniani) hutumia digrii 18, Misri 19.5, na ISNA, jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, 15. Huku kwetu karibu na ikweta, kila digrii ni dakika 4 hivi. Basi mwenye 15 husikia adhana dakika 18 hivi nyuma ya mwenye 19.5. Ramadhani ikifika hilo si dogo hata kidogo: mtu bado anakula daku, jirani yake ameshafunga. Ingia kwenye mipangilio, tafuta njia ya hesabu, linganisha na ratiba ya msikiti wako kwa siku kadhaa, uchague inayoafikiana nayo. Zikibaki dakika mbili tatu, programu nyingi zina mahali pa kuongeza au kupunguza.

Alasiri haina kazi kubwa: weka Shafi, madhehebu ya wengi hapa pwani. Ikikaa kwenye Hanafi itachelewa kama saa nzima.

Halafu kuna mahali ulipo. Aliyesafiri kwenda Mwanza akazima huduma ya mahali, simu yake itaendelea kuhesabu jua la Tanga. La Mwanza huzama dakika 20 hadi 30 baadaye. Atafuturu jua lingali juu, na kwa Shafi saumu hiyo atailipa.

Kibla nacho kina mitego yake. Kutoka Tanga ni karibu kaskazini kabisa, digrii 1.5 tu kuelekea mashariki. Dira ya simu ikikuelekeza kwingine, huenda imevurugwa na kava lenye sumaku, pikipiki iliyo karibu au nondo za sakafuni. Toka nje, zungusha simu hewani kwa umbo la 8, upime tena.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kivuli. Tarehe 27 na 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 na 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Kaaba, na saa yetu ni sawa na ya Makka. Simamisha fimbo ya mita 1 kwenye sakafu iliyo sawa, ihakikishe kwa timazi. Kivuli cha nusu mita hivi kitalala kusini. Chora mstari haraka juu yake. Kibla ni kutoka ncha ya kivuli kuelekea kwenye fimbo.