Je, wajua kwa nini mwanamke akipewa mtaji mara nyingi biashara yake haikui?

Kule Sri Lanka mwaka 2005 wachumi watatu, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff, walianza jaribio moja rahisi tu. Walichukua watu wenye biashara ndogondogo wakachezesha bahati nasibu, aliyebahatika anapewa mtaji wa bure, sio mkopo, rupia 10,000 au 20,000, yaani kama dola 100 au 200 hivi. Biashara za wanaume zikaanza kutema faida nzuri kabisa. Za wanawake? Kwa wastani faida haikuongezeka hata kidogo.

Sasa matokeo kama hayo ukiwapa watu jibu lao linakuwa mdomoni tayari: wanawake hawajui biashara, wapelekwe semina. Mimi hilo jibu linaniudhi sana kwa sababu mwaka 2019 wachumi wanne, Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol, walirudi kwenye data za Sri Lanka, India na Ghana wakaangalia kitu kimoja zaidi: je, humo ndani ya nyumba kuna mwingine mwenye biashara? Hapo ndo mambo yakajulikana. Mwanamke ambaye ni yeye peke yake anayefanya biashara pale nyumbani, mtaji ulimzalishia sawasawa na wanaume. Ila mwenye mume mfanyabiashara, sehemu kubwa ya ile hela iliishia kwenye biashara ya mume. Na ukipiga hesabu ya nyumba nzima, kipato kilipanda vilevile awe amepewa mama au baba.

Kwa hiyo hela haikupotea, ilihamia upande wa pili. Na wala sio lazima mume awe mkorofi au kamnyang'anya mtu, mara nyingi biashara za wanaume ziko kwenye kazi zinazolipa zaidi, mama anafuma lesi baba anatengeneza pikipiki, wakikaa wawili wakapiga hesabu wanaona bora zinunuliwe spea. Kwa nyumba ni sawa. Lakini kama ule ni mkopo aliyesaini ni mama, kikundi kinamdai mama, na hela ya marejesho kila wiki lazima aombe kwa mtu, hapo utasema kawezeshwa kweli?

Basi Uganda mchumi Emma Riley akajaribu njia nyingine, na hii ndo naipenda kuliko zote. Alifanya na BRAC, shirika linalokopesha akina mama, wateja kama 3,000. Wengine walipewa mkopo wao keshi mkononi kama kawaida, wengine ukaingia kwenye akaunti ya simu ya mama mwenyewe, akaunti ya biashara tu. Mkopo ni uleule. Baada ya miezi 8 wale wa kwenye simu faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15 na mtaji wao kwa asilimia 11, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wanabanwa sana nyumbani wagawe hela. Na kuna kundi la tatu lilifunguliwa akaunti ila mkopo likachukua keshi, hao hawakupata tofauti ya maana. Ukifika nyumbani na bunda la noti kila mwenye shida anakuona, ikiwa kwenye simu unatoa kidogo kidogo mzigo ukiisha.

India, jimbo la Madhya Pradesh, ni hivyohivyo kwa mishahara: malipo ya kazi za serikali vijijini yalipoelekezwa kwenye akaunti za wanawake wenyewe badala ya mkuu wa kaya, na wakafundishwa kuzitumia, walianza kwenda kazini zaidi.

Ila sheria nazo zina sehemu yake. Kongo ya Kinshasa ni mwaka 2016 tu ndo iliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kufungua akaunti, na Ufaransa yenyewe ilikuwa 1965. Na hata sheria ikiruhusu, angalia kitambulisho na laini ya simu viko kwa jina la nani, maana kama mama anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume na namba ya siri anayo mume, mkopo ukitumwa kwenye simu hiyo ni sawa tu na kumkabidhi baba.