Metali nzito kwenye tope na samaki, maana yake nini hasa

Ukinywa kahawa tungu kule Old Town, Mombasa, kuna vile vitu vyeusi vinabaki chini ya kikombe, hayo ndo mashapo. Mto nao una mashapo yake, ni lile tope la chini, na ukisikia mashapo yana metali nzito ujue ni risasi, zebaki, kadimiamu na wenzao wamejikalia humo. Risasi si ya bunduki tu, ni ile ya chubwi ya mshipi, ni ya betri ya gari. Watu wa Owino Uhuru hapa Mikindani wanaijua vizuri, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaletea sumu hiyo mpaka damuni na 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sasa mbona tope na si maji? Manake chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo mno na metali zinazing'ang'ania, zikishashikana zinashuka zote chini, kwa hivyo unaweza chota maji ya juu ukapima yakatoka sawa kabisa na huko chini kumejaa. Ndo maana mi huchoka mtu akiniambia "lakini maji mbona meupe tu". Halafu risasi haiozi. Maganda ya ndizi yataoza, risasi ilotupwa juzi na ilotupwa enzi za babu yako zote ziko hapo hapo, na siku watu wakija kuchimba mchanga, ama maji yakiingia asidi, zinaachilia tope zinarudi juu.

Minyoo wanakula tope, kambare anakula minyoo, na mwili wa samaki unaingiza haraka kuliko unavyotoa, basi kila siku inazidi. Hiyo ndo wanaita kujilimbikiza.

Lakini si zote zinakaa pamoja. Mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga ninayenunua kwake soko la Kongowea, akishaparua tilapia anang'oa mashavu na matumbo anawarushia paka (maskini paka), na bila kujua amepunguza sana, kwa sababu kadimiamu inapenda ini na figo, risasi inapenda mifupa na mashavu. Zebaki ndo noma. Vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza ikawa aina inayoingia mwilini kwa urahisi, inashika kwenye nyama yenyewe, ukaange ukauke, utie ndimu, upike wa nazi, iko tu. Na inapanda kwa kila anayemla mwenzake, ndo mbuta mkubwa anayekula samaki wengine anakuwa nayo zaidi ya tilapia anayekula majani. Kule Minamata, Japani, 1956 ndo walianza kugundua watu wanaugua hivyo, kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wao wakala samaki.

Kiwango cha kimataifa cha risasi kwenye samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo, na hapo kwa kawaida wanapima samaki akishatolewa matumbo. Kwa tilapia sawa, we matumbo huyali. Dagaa ndo wananichanganya, zebaki hawana nyingi manake ni wadogo na hawaishi sana, lakini nani amewahi kumtoa dagaa matumbo? Tunawala na kichwa, mashavu, mifupa na yote.