Mtaro umezibuliwa jana, mbona leo umefurika?

Masika iliyopita, katika mtaa mmoja wa bondeni huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, bibi mmoja alinisimamisha mlangoni kwake. Maji yameshafika kizingitini, ndara zinaelea uani.

"Mwanangu, jana si nyinyi mliokuja hapa na makoleo? Mlizibua au mlichezea?"

"Tulizibua, bibi."

Na kweli tulizibua. Lakini alipokuwa akiniuliza ilikuwa saa kumi alasiri, mwezi mpevu, na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, limejaa. Kwa Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Mitaro yetu inamwaga baharini, na midomo mingine iko chini ya usawa wa maji yaliyojaa. Bahari ikijaa inakuwa kizibo. Mvua ikinyesha saa ile ile, maji hayana pa kwenda ila uani kwa bibi.

Na si maji kidogo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja ya mabati na zege ni lita 500,000, yaani matangi 500 ya lita 1,000, na mengi yake huteremka mtaroni kwa pamoja kwa sababu hakuna udongo wa kuyanywa.

Ndiyo maana fundi wa mitaro hapa hutazama mwezi kama mvuvi. Siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hapo ndipo tunaposhuka mdomoni, chini kabisa, kisha tunapanda kuelekea mjini. Anayeanzia juu anausukuma mchanga tu uende ukalale chini, ambako mteremko ni mdogo zaidi. Mtaro wenye mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita 100, ukirundikana mchanga wa sentimita 20 mahali pamoja, maji ya mita 100 nyuma yake yanasimama. Koleo tatu nne tu za mchanga zinatosha kuanza fungu.

Kosa jingine linaniuma zaidi. Kuna mwaka tulitoa tope siku tatu mfululizo, tukalipanga kingoni likauke, gari la kulizoa lije kesho. Gari halikuja. Mvua ya usiku mmoja ikalirudisha tope lote mtaroni, pamoja na vifuu na chupa zake. Tangu hapo, kama gari halijafika, koleo haliingii mtaroni.

Lakini hata tukizoa vizuri namna gani, mji wenyewe umekaa juu ya njia ya maji. Zamani Mji Mkongwe ulitengwa na Ng'ambo na hori la bahari. Jina la Darajani linatokana na daraja lililolivuka. Hori likafukiwa kidogo kidogo, na leo juu yake ipo Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Viwanja vya Mnazi Mmoja navyo vimo katika bonde hilo hilo. Hori lile lilikuwa likiyapokea maji ya mvua na kuyangojesha mpaka bahari ipwe. Sisi tukaweka lami, kisha tunayashangaa maji yanaporudi kwao.

Kazi hiyo ya kungojesha sasa imebaki kwa mitaro mikubwa ya zege, ile ya mradi wa huduma za mijini Zanzibar (ZUSP) ikiwamo, na kwa mabwawa machache ya mjini. Bwawa linapokea maji bahari ikiwa imejaa, linayaachia ikipwa. Saa sita tu za kuvumilia. Kila tope likijaa ndani yake, saa hizo zinapungua, kwa hiyo kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinatakiwa kiingie kabla ya masika, wakati chini kukavu.

Tatizo la kiangazi ni kwamba bwawa likikauka linafanana na kiwanja, na kiwanja kitupu mjini hakikosi mwenyewe. Kwanza inamwagwa gari moja ya kifusi, usiku. Kisha ya pili. Mwezi uliopita nilikwenda kupima kina cha bwawa moja, nikakuta vigingi vinne na kamba imeshavutwa.