Asilimia 18 ya nini? Hatari linganishi na hatari halisi

Kuna ujumbe unaozunguka miaka yote kwenye makundi ya WhatsApp ya familia hapa Dar: soseji moja kwa siku inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Wengi wakiusoma wanaelewa kwamba kati ya walaji soseji 100, watu 18 wataugua. Sivyo. Namba yenyewe ni ya kweli. Ilitolewa Oktoba 2015 na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, pale ulipotangaza kwamba nyama za kusindikwa husababisha saratani hiyo, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari kwa kiwango hicho. Kilichoachwa nje ya ujumbe ni asilimia 18 ya nini.

Hapo ndipo zinapokuja dhana mbili. Hatari halisi ni idadi ya watu wanaopatwa na jambo, kati ya watu kadhaa, ndani ya muda fulani. Hatari linganishi yenyewe hupima tofauti tu: kundi hili limelizidi lile kwa asilimia ngapi, au mara ngapi. Haikwambii ulianzia wapi. Ukisikia bei imeshuka nusu, hujajua umeokoa kiasi gani mpaka ujue kama kinachouzwa ni kiberiti au kiwanja Kigamboni.

Turudi kwenye soseji, tuweke watu badala ya asilimia. Nchini Uingereza, shirika la Cancer Research UK lilipiga hesabu hii. Kati ya watu 1,000 wanaokula nyama za kusindikwa kidogo kabisa, 56 hupata saratani ya utumbo mpana katika maisha yao yote. Kati ya 1,000 wanaokula nyingi zaidi, hupata 66. Tofauti ni watu 10 kati ya 1,000, kwa maisha mazima. Ukiilinganisha hiyo 10 na 56 unapata asilimia 18 hivi. Kwa hiyo aliyesema 18 hakudanganya, na anayesema 10 kati ya 1,000 hadanganyi pia. Ila mmoja amekupa kitu unachoweza kukipima na maisha yako, mwingine amekupa hofu. (Na wale wanaosema soseji ni sawa na sigara kwa sababu ziko kundi moja la wakala ule wamekosea: kundi linaeleza ushahidi una uhakika kiasi gani, halielezi madhara ni makubwa kiasi gani.)

Sasa chukua asilimia inayokaribiana sana na hiyo. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanyika Burkina Faso, Gambia, Ghana na Kenya yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vinapungua kwa takribani asilimia 17. Ni 17 kwa 18, na msomaji wa haraka ataona ni mambo yenye uzito mmoja. Lakini katika maeneo yale malaria ilikuwa inaua watoto wengi, na hatari ya kuanzia ilikuwa juu mno. Kwa hiyo asilimia 17 ile ilimaanisha kuokoa watoto zaidi ya 5 kati ya kila 1,000, kila mwaka. Mtangazaji wa redio mwenye dakika mbili za afya asubuhi, akichagua habari kwa kutazama asilimia peke yake, ataipa soseji nafasi ya chandarua. Hili linaniuma, kwa sababu dakika zile mbili ndizo elimu pekee ya afya ambayo mama anayefungua genge alfajiri ataisikia siku hiyo.

Madhara ya kuchanganya dhana hizi yameshaonekana. Oktoba 1995, mamlaka ya usalama wa dawa Uingereza iliwaonya madaktari na umma kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Mara mbili! Wanawake wengi waliacha vidonge. Hatari halisi ilikuwa imetoka mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2 kati ya 7,000. Inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata mimba takribani 13,000 zaidi zilitolewa Uingereza na Wales, na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Kuna jambo la kwetu hapa. Asilimia inaweza kusafiri kutoka Ulaya ikafika Kariakoo bila kubadilika, lakini ile hatari ya kuanzia haisafiri. Saratani ya utumbo mpana haijaenea Afrika Mashariki kama Uingereza, kwa hiyo 56 na 66 ni namba zao, si zetu. Kwetu asilimia ileile itaongeza watu wachache zaidi. Mtu anayetafsiri habari ya utafiti wa nje inabidi aulize: kutoka wangapi kwenda wangapi, kati ya watu wa aina gani, kwa muda gani? Swali hilohilo mwulize anayekuuzia dawa ya lishe iliyoandikwa kwamba inapunguza hatari kwa nusu. Nusu ya 2 kati ya 10,000 ni 1, na wewe umeshatoa hela.

Ila hatari halisi ikiwa ndogo si ruhusa ya kuipuuza. Kwako wewe mmoja, 1 kati ya 1,000 huenda isibadilishe chakula cha jioni. Kwa anayepanga huduma za Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, namba hiyohiyo ni wagonjwa zaidi ya 5,000 wanaohitaji vitanda na dawa. Ndiyo maana wizara inaweza kutoa onyo ambalo daktari wako halitilii mkazo akikaa na wewe, na wote wawili wakawa sahihi.