Blauzi za Enzi ya Mfalme Edward Hazikushonwa kwa Mkono Mtupu

Wengi wanaotaka kushona blauzi ya mtindo wa enzi ya Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala Uingereza kuanzia 1901 hadi 1910, huamini kwamba kutumia cherehani ni kuipotezea uhalisi wake. Imani hiyo haina msingi. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 mashine hizo zilikuwa zimeenea majumbani na viwandani. Kiwanda cha Triangle cha New York, kilichoungua Machi 1911 wakafa watu 146, kilikuwa kikishona blauzi za aina hiyo kwa wingi. Hata lesi nyingi zilitoka kwenye mitambo, kama lesi ya Nottingham, mji wa Uingereza.

Mkono ulikuwa na nafasi yake, hasa katika kutarizi na katika blauzi za bei kubwa. Vipindo vyembamba vya kifuani (mikunjo midogo ya urembo), ambavyo ni vyema vishonwe kabla kipande hakijakatwa kwa kipimo cha mwisho, cherehani huvinyoosha bila taabu. Kupachika lesi ndiko kunakodai subira: lesi hulazwa juu ya melimeli na kushonwa kingo zote mbili, kisha kitambaa kilicho nyuma yake hukatwa katikati, kikakunjwa pembeni na kushikizwa kwa mishono midogo, na mkasi ukiteleza kidogo tu, lesi yenyewe hukatika. Binafsi ningetumia sindano ya mkono hapo, na mishono mirefu ya ubavuni ningeiachia cherehani.